Bunduki ya Hewa Haitoi Uchafu, Inauhamisha

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na msomaji mmoja ameniandikia barua pepe akiuliza kama nimeacha kuandika. La, sijaacha, ni kazi tu imenizidi. Leo nilikuwa nimepanga kuendelea na ile mada ya hifadhidata, lakini itabidi isubiri, kwa sababu nataka kuzungumzia sinki. Naam, sinki la jikoni! Usiondoke kwanza. Mambo ya mabomba na mambo ya programu yamekaribiana kuliko unavyodhani, na kosa nililolifanya jikoni ni lile lile tunalolifanya kila siku sisi tunaokula kwa kuandika programu.

Ninaishi ghorofa ya pili katika fleti moja hapa Nairobi. Kwa wiki mbili hivi sinki letu lilikuwa likipitisha maji polepole. Mwanzoni unaosha vyombo, unangoja dakika moja, maji yanaisha. Baadaye dakika tano. Kisha unaamka asubuhi moja unakuta maji ya jana yamekaa palepale, rangi ya chai, na harufu yake sitaieleza hapa maana huenda kuna anayesoma huku anakula.

Ijumaa usiku nikamwaga kostiki soda, ile ya punjepunje nyeupe inayouzwa kwenye maduka ya vifaa, nikalala. Jumamosi asubuhi maji yalikuwa bado yapo. Basi nikatoka nikaenda kununua kitu nilichokuwa nimekitamani tangu nikione kwenye video: bunduki ya hewa ya kuzibulia mabomba. Kama hujaiona, ina umbo la bastola kubwa ya plastiki, ina pampu ya mkono, saa ndogo ya kupimia shinikizo, na vikombe vya mpira vya ukubwa mbalimbali vya kuweka mdomoni. Unapiga pampu mpaka hewa ibanwe vya kutosha, unakandamiza mpira juu ya tundu la sinki, unavuta kifyatulio. Bei yake haikufikia hata malipo ya fundi mara mbili. Nani angekataa?

Nikapiga pampu hadi saa ikasoma 4. Nikafyatua. Pum! Sinki likatetemeka, likakoroma, kisha maji yote yakazama kwa sekunde chache kama hayajawahi kuwapo. Nilijihisi shujaa. Nikapiga picha sinki tupu nikawatumia rafiki zangu.

Hazikupita dakika kumi mlango ukagongwa. Alikuwa mama anayeishi chini kabisa, mkono mmoja ameshika fagio.

“Kijana wangu, mnafanya nini huko juu? Bafu langu limefurika maji machafu.”

“Pole sana mama. Nilikuwa nazibua sinki. Ni maji tu, nakuja kukusaidia kupangusa.”

Nikashuka naye. Maji meusi yenye mafuta yalikuwa yamepanda kupitia tundu la sakafu ya bafu lake, yametapakaa hadi mlangoni. Mjukuu wake, mtoto wa miaka kama mitatu, alikuwa amesimama pale pekupeku akiyachezea kwa vidole vya miguu. Nilikuwa nimeshaanza kupangusa ndipo nikakumbuka kwamba hayo hayakuwa maji tu. Yalikuwa maji pamoja na kostiki soda niliyoimwaga usiku.

Sijawahi kumbeba mtoto wa watu kwa haraka namna ile. Tulimweka chini ya bomba la nje tukamwosha miguu kwa maji yanayotiririka dakika ishirini nzima, yeye akilia kwa baridi, bibi yake akiniuliza nimemwaga nini, nami nikimweleza ukweli ambao ningepaswa kuusema mlangoni. Mungu ni mwema, soda ilikuwa imeshachanganyika na maji mengi na mtoto hakupata hata alama. Lakini mimi usingizi sikuupata siku hiyo. Ingekuwaje kama angekuwa ameinama akichungulia lile tundu wakati mimi navuta kifyatulio?

Basi hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Maoni yangu ni haya: bunduki ya hewa si kifaa kibaya, ila tunaitumia kana kwamba inatoa uchafu, na kumbe haitoi chochote. Inasukuma. Kilichokuwa kwako kinakwenda kwa mwingine. Yeyote anayeishi kwenye nyumba yenye bomba la pamoja, na wengi wetu mjini ndivyo tunavyoishi, hana haki ya kuifyatua kabla ya kujiuliza swali moja: kitaenda wapi?

Wale wanaopenda hesabu, tuingie kidogo ndani ya mtambo.

Shinikizo hupimwa kwa kipimo kiitwacho baa (si ile ya kuuzia pombe!). Baa moja ni karibu sawa na uzito wa hewa inayotuzunguka, na ni karibu sawa na shinikizo linalopatikana chini ya maji yenye kina cha mita 10. Kwa hiyo nilipojaza baa 4, nilikuwa na nguvu ya maji yaliyosimama mita 40 kwenda juu. Ukihesabu ghorofa moja kuwa mita 3, hilo ni kama bomba lililojaa maji la jengo la ghorofa 13. Mabomba yetu ya maji machafu hayakuundwa kwa kazi hiyo. Maji hupita humo kwa kuteremka yenyewe, na viungo vingi vimekazwa kwa mkono au kushikwa na pete ya mpira tu. Tena watengenezaji wa mabomba ya PVC huonya yasijazwe hewa iliyobanwa. Maji hayabaniki kwa urahisi, ukiyasukuma kwa baa moja yanapungua kama sehemu moja kati ya elfu ishirini tu, kwa hiyo bomba la maji likipasuka nguvu huisha papo hapo. Hewa hubanika kama springi. Bomba likipasuka likiwa na hewa, ile springi inafunguka na vipande vinaruka.

Sasa chukua bomba la sinki la kipenyo cha milimita 40. Eneo la mdomo wake ni kama sentimita 12.6 za mraba. Kwa baa 4, uchafu ulioziba unasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 51. Huo ni mfuko mzima wa saruji umewekwa juu ya kitu cha ukubwa wa kizibo cha chupa kubwa. Si ajabu kilisogea!

Lakini tazama kinachofuata. Tangi la bunduki yangu lina nusu lita ya hewa. Ukijumlisha na hewa ya kawaida, shinikizo la ndani ni baa 5. Robert Boyle alieleza mwaka 1662 kwamba hewa ikipewa nafasi zaidi, shinikizo lake hushuka kwa kiwango hicho hicho. Mita moja ya bomba la milimita 40 inachukua lita 1.25. Kwa hiyo hewa yangu ikishaisukuma kabari ya uchafu mita moja tu, ile baa 5 imeshuka kuwa baa 1.4 hivi, yaani chini ya nusu baa juu ya hewa ya kawaida. Na hapo bado hatujafika kwenye bomba kubwa la wima la milimita 100, ambalo kila mita yake inachukua karibu lita 8. Mle ndani pumzi yangu ya nusu lita ni kama kupuliza mshumaa ulio ng'ambo ya barabara.

Unaona maana yake? Bunduki ya hewa ina nguvu nyingi karibu na mdomo, na karibu haina nguvu mbali. Inaweza kung'oa uchafu kwenye bomba lako dogo, lakini haiwezi kuusindikiza hadi barabarani. Inaufikisha kwenye bomba la pamoja, inauacha hapo, inaaga. Kwetu uliteremka kwa uzito wake pamoja na maji yote ya sinki, ukafika kwenye kona ya chini kabisa ambapo bomba la wima hulala kuelekea nje, ukakuta kona hiyo nayo imekwisha kuziba nusu, ukakwama. Maji yaliyokuwa yakiufuata yakatafuta njia iliyo rahisi zaidi. Njia hiyo ilikuwa bafu la mama wa chini.

Na kwa nini ilikuwa rahisi? Chini ya kila sinki kuna kona iliyopinda kama herufi U, na tundu la sakafu ya bafu nalo lina yake, ambayo hubaki na maji muda wote ili harufu isipande. Wazo hili ni la zamani: Alexander Cumming, fundi saa Mskoti aliyekuwa akifanya kazi London, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda mwaka 1775. Ni wazo zuri ajabu, mlango usio na bawaba wala komeo. Ila ni mlango mwepesi. Maji yaliyomo yana kina cha milimita 50 hivi, na kuyavuka unahitaji shinikizo la baa 0.005 tu. Bunduki yangu ilianza na mara 800 ya hiyo. Hata mkia wa nguvu ile, hata hewa inayosukumwa na maji yanayoanguka kutoka ghorofa ya pili, inatosha kuufungua mlango huo kwa jirani.

Hapa ndipo nilipokumbuka somo la chuo. Mnamo 1973, baada ya Doug McIlroy kusisitiza kwa muda mrefu kule Bell Labs, Ken Thompson aliingiza ndani ya Unix kitu kinachoitwa paipu, ile alama ya mstari wa wima tunayoitumia kuunganisha programu mbili. Kanuni yake ni kwamba kinachotoka kwa programu ya kwanza ndicho kinachoingia kwa ya pili. Sote tunaisifu kwa sababu kila programu inafanya kazi yake bila kuijua nyingine. Lakini mtu aliyewahi kuamshwa saa nane za usiku kwa sababu programu ya kwanza imetapika takataka, na ya pili ikaanguka, anajua upande wa pili wa uzuri huo. Mwenye kosa amelala, anayelia ni jirani yake. Pale kazini tukishangilia kwamba foleni ya kazi zilizokwama kwenye seva yetu “imesafishwa”, mara nyingi imesukumiwa tu kwenye seva ya wenzetu.

Kuna wale watakaoniambia: wewe unaongea hivyo kwa sababu una pesa za fundi. Fundi mwenyewe anakuja na waya, anasukuma dakika tano, anadai pesa za chakula cha wiki. Nawaelewa, na ndiyo sababu nilikinunua kile kifaa. Tena hasira ya kuona maji machafu yamekaa jikoni siku tatu naijua. Lakini hoja hiyo inasahau kwamba njia ya kwanza haihitaji fundi wala bunduki. Inahitaji ndoo.

Weka ndoo chini ya ile kona ya U, ifungue kwa mkono, angalia. Kwenye nyumba nyingi uchafu uko hapo: majani ya chai, punje za wali, ukoko wa ugali, na mafuta ya kupikia yaliyoganda. Unautoa, unautia kwenye pipa la taka, umekwisha. Huo ni uchafu uliotolewa, haukuhamishwa. Nilipofungua yangu baadaye, niliikuta safi kabisa. Dakika kumi za ndoo zingeniambia kwamba tatizo liko mbele zaidi, na kwamba sikupaswa kulisukuma kabla ya kujua liko wapi.

Kulitafuta nako kuna ufundi, na sisi wa kompyuta tunaujua vizuri. Hitilafu ikijificha kati ya mabadiliko mia moja ya msimbo, hatuyasomi yote. Tunajaribu katikati, tunaitupa nusu iliyo salama, tunajaribu tena katikati ya nusu iliyobaki. Mabomba yanatafutwa vivyo hivyo:

1. Kama ni sinki moja tu linalokataa, na bafu na choo viko sawa, tatizo liko karibu nawe, kwenye kona ya U au mita chache kutoka hapo.

2. Kama sinki na bafu vyote vinapitisha maji polepole, tatizo liko baada ya mahali mabomba yake yanapokutana.

3. Kama ukimwaga maji jikoni unasikia bafuni kunakoroma, hewa inakosa njia. Bomba mnalolitumia kwa pamoja limeanza kuziba.

4. Kama jirani wa chini anaona maji yakipanda kwake wakati wewe unaoga, tatizo liko kwenye bomba kuu au manholi. Hapo hakuna kifaa cha jikoni kitakachokusaidia. Acheni kumwaga maji na mwite fundi, kwa gharama ya mwenye nyumba.

Angalia hatua ya nne. Huwezi kuifanya peke yako, ni lazima ubishe mlango wa mtu. Na hapo ndipo nilipopatwa na aibu kubwa kuliko zote. Tulipomaliza kusafisha, yule mama aliniambia kwa sauti ya chini, bila hasira, “Hili bafu langu limekuwa likisumbua mwezi mzima. Ungeniuliza tu.”

Mwezi mzima! Habari yote niliyoihitaji ilikuwa imekaa ngazi chache chini yangu. Mimi ninayewafokea vijana kazini, “Soma kumbukumbu za mfumo kabla ya kuwasha seva upya,” sikuwa nimezisoma kumbukumbu za mfumo wa nyumbani kwangu, kwa sababu zilikuwa kichwani mwa jirani ambaye tangu nihamie sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu.

Niseme neno pia kuhusu kostiki soda, kwa sababu kosa langu lilikuwa la kuchanganya. Kemikali hii inafanya kazi kweli: inageuza mafuta kuwa kama sabuni, na inayeyusha nywele za kichwani, kwa kuwa nywele ni protini. Lakini inaunguza ngozi, na jichoni inaweza kupofusha. Halafu kuna jambo ambalo halielezwi kwenye pakiti nyingi: nywele za kusukia ni plastiki. Soda inayoyeyusha nywele halisi haizifanyi kitu. Zinabaki mle ndani kama wavu, na wavu huo unakamata mafuta, sabuni na kila kinachopita. Kwa hiyo unaweza kumwaga pakiti tatu, uchafu ubaki, na sasa una bomba lililoziba lenye maji yanayounguza. Ukifyatua hewa humo, umetengeneza silaha. Usichanganye hivyo viwili kamwe. Ukiwa umekwisha kumwaga kemikali, mwambie kila atakayegusa bomba hilo, fundi wa kwanza. Na mtu akimwagikiwa, ni maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 20, kisha hospitali kama imeingia jichoni au ngozi inauma.

Je, niitupe bunduki yangu? Hapana, bado iko chini ya sinki. Kuna mahali inafaa. Kwenye sinki la nyumba inayojitegemea, ambayo bomba lake fupi linaenda moja kwa moja kwenye shimo la nje unaloliona, itakuokolea muda. Inamfaa mtu mzima ambaye hawezi kuinama kufungua kona ya U, au mahali ambapo kona imejengewa ndani ya ukuta. Lakini nina masharti yangu sasa, na nakushauri uyachukue:

Kwanza, hakikisha hakuna kemikali. Pili, ziba kwa kitambaa kilicholowa lile tundu dogo la juu la beseni na tundu la sinki la pili kama yapo, la sivyo hewa itatokea huko na kukurudia usoni. Tatu, acha maji kidogo juu ya tundu, kwa sababu maji hupeleka msukumo mpaka kwenye kizuizi bila kuupoteza. Nne, anza na pampu chache kabisa, si mpaka mwisho wa saa. Tano, vaa miwani. Sita, kama mabomba ni ya zamani au hujui yameunganishwa vipi, usijaribu. Na ya saba, ambayo kwangu ndiyo ya kwanza: waambie walio chini yako, uwaombe wasiwe bafuni, na mmoja awe kwenye simu akikuambia anachokiona.

Ukiona masharti haya ni mengi kwa kifaa kidogo, umenielewa. Kifaa ni kidogo, lakini mfumo unaokiunganisha si mdogo.

Lawama zote si zangu, hata hivyo. Fundi alipokuja Jumatatu alimuuliza keateka mabomba yanapita wapi. Keateka hakujua. Akampigia mwenye nyumba, naye akasema michoro alibaki nayo mjenzi. Ikabidi fundi atufanye sisi wapangaji kuwa vipimo: mmoja anamwaga maji juu, mwingine anasikiliza ukutani, mwingine ametazama manholi. Ilichukua asubuhi nzima kuipata ile kona, na ilipopatikana haikuwa na kifuniko cha kuzibulia. Ilikuwa imemwagiwa saruji juu. Akaivunja, akaingiza waya yenye ndoano, akavuta kitu kirefu cheusi, msuko wa nywele za plastiki uliovikwa mafuta yaliyoganda, uchafu wa nyumba zetu zote. Huo sasa ulitolewa. Uliingia kwenye ndoo, tukauona kwa macho yetu.

Kwenye kazi yetu mtu akijenga mfumo bila kuacha maelezo na bila mahali pa kuchungulia ndani, tunamwita mzembe. Kwa nini basi tunakubali nyumba wanazoishi watu arobaini zijengwe hivyo? Mwenye nyumba anayedai kodi kila tarehe tano anaweza kubandika karatasi moja ukutani karibu na mita za stima: bomba gani linapita wapi, vifuniko vya kuzibulia viko wapi, nani anapigiwa simu. Karatasi hiyo haina gharama, na ingepunguza kazi kwa bunduki za hewa kuliko sheria yoyote. Ukienda kutazama nyumba ya kupanga, ulizia hilo kama unavyoulizia maji na usalama.

Mimi nimeanza na yetu. Siku ile fundi akipima, nilikuwa nikichora kwenye daftari. Jioni nikaichora upya kwenye kompyuta, nikaichapisha, na keateka akaibandika. Niliituma pia kwenye kundi letu la WhatsApp, nikiwa nimeongeza mstari mmoja: ukitaka kuzibua, sema hapa kwanza. Wiki iliyopita kijana wa ghorofa ya tatu aliandika kwamba beseni lake la bafuni limeanza kuchelewa, akauliza kama anaweza kuazima bunduki yangu. Wa kwanza kumjibu alikuwa yule mama wa chini.

“Ngoja kwanza nimtoe mtoto bafuni. Na umeweka dawa yoyote?”

Alikuwa hajaweka. Alifungua kona ya U kwa ndoo, akakuta kifuniko cha dawa ya meno na nywele kidogo, na bunduki haikuhitajika.

Haya, sinki limetosha. Wakati mwingine tutarudi kwenye hifadhidata, nawaahidi. Tuonane hivi karibuni, na kabla ya kulala leo, jaribu kukumbuka: maji yako ya jikoni yakishateremka, yanapita kwa nani?